Kichocho na mafuta ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu proteini za mnyoo zinazodandia kolesteroli

Watu wengi wanakifahamu kichocho kwa dalili zake za nje: mkojo wenye damu, kinyesi chenye damu, tumbo linalojaa maji. Madhara hayo kwa sehemu kubwa huletwa na mayai ya mnyoo. Lakini mnyoo mwenyewe, akiwa hai ndani ya mshipa, humwaga vipande vya ngozi yake kwenye damu yetu siku zote, na baadhi ya vipande hivyo hupanda juu ya chembe zilezile zinazobeba kolesteroli. Habari hii haizungumzwi sana, hata na watu wanaojua kichocho vizuri, ingawa inatuonyesha jinsi mwili unavyoweza kujiumiza wenyewe katika kupigana na mnyoo.

Tunazungumzia mnyoo gani hasa?

Mnyoo wa kichocho, Schistosoma. Aina mbili ndizo zinazotesa watu wengi zaidi Afrika. Schistosoma mansoni huleta kichocho cha tumbo, na ndiye anayesumbua jamii za kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Ukerewe hadi Homa Bay na visiwa vya upande wa Uganda. Schistosoma haematobium huleta kichocho cha mkojo, na huyo ndiye wa Unguja, Pemba na sehemu nyingi za pwani. Jina bilharzia limetokana na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyewaona minyoo hawa ndani ya maiti mjini Kairo mwaka 1851.

Kiluwiluwi cha mnyoo, kiitwacho serikaria, hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kuvua, kufua au kulima mpunga. Hupita kwenye mapafu, hukomaa kwenye mishipa ya damu ya ini, kisha dume na jike hushikamana na kuhamia makao yao ya kudumu: mishipa inayozunguka utumbo kwa mansoni, mishipa inayozunguka kibofu kwa haematobium. Mnyoo mkubwa ana urefu wa sentimita moja hivi. Kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 10, na wapo waliowahi kuishi zaidi ya miaka 30 ndani ya mtu.

Hebu fikiria: kiumbe kigeni, hakijifichi ndani ya seli, kiko katikati ya damu inayojaa seli za kinga, na kinadumu miongo. Majibu yote yaliyo hapa chini yanatokana na swali moja: anawezaje? Utafiti ninaoueleza umefanywa zaidi kwa Schistosoma mansoni, kwa hiyo nikisema "mnyoo" bila kufafanua, namaanisha huyo.

Chembe zinazobeba mafuta kwenye damu ni nini?

Damu ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta hayayeyuki ndani ya maji. Kwa hiyo mwili huyafungasha. Kila fungashio lina kiini cha kolesteroli na trigliseridi, ganda jembamba la fosfolipidi (nazo ni aina ya mafuta), na proteini zinazolishikilia ganda hilo na kulipa utambulisho. Fungashio hilo ndilo lipoproteini. Ziko za aina kadhaa: kailomikroni zinazotoka utumboni baada ya chakula, VLDL zinazotengenezwa na ini, LDL ambayo wengi huiita kolesteroli mbaya, na HDL ambayo huitwa kolesteroli nzuri. Chembe ya LDL ina upana wa nanomita 20 hadi 25 hivi. HDL ni ndogo kuliko hiyo.

Jambo la kulishika vizuri ni namna seli inavyoipokea LDL. Kila chembe ya LDL ina proteini moja kubwa iitwayo apoB-100. Seli za mwili, hasa za ini, zina vipokezi vinavyoitambua proteini hiyo. Kipokezi kikiikamata LDL, seli huimeza chembe nzima na kuipeleka kwenye lisosomu, vifuko vyenye vimeng'enya vinavyoivunja na kuachia kolesteroli. Seli ikishapata ya kutosha, hupunguza vipokezi vyake. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein ndio walioifumbua njia hii, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ina mlango wake na ina breki yake. Tutaona mnyoo anavyoharibu vyote viwili.

Mnyoo anayataka mafuta yetu ya nini?

Kwa sababu hawezi kujitengenezea. Tangu mwaka 1970 inajulikana kwamba mnyoo wa kichocho hana uwezo wa kuunda asidi za mafuta wala kolesteroli kuanzia mwanzo. Utando wa kila seli yake, na hata mayai yake, lazima vijengwe kwa mafuta yaliyotoka kwa mtu. Jike mmoja wa mansoni anaweza kutaga mayai karibu 300 kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa jike anahitaji kuunguza asidi za mafuta ili atage. Njia hiyo ikizibwa, utagaji unakwama.

Wengi wetu tulifundishwa kuwa mnyoo "anakunywa damu", na kweli humeza chembe nyekundu. Ila picha hiyo haijakamilika. Anakunywa pia sukari kupitia ngozi yake, na anategemea shehena ya mafuta inayopita mbele yake kila sekunde.

Sasa proteini za mnyoo zinafikaje kwenye lipoproteini?

Hapa ndipo penye uhondo wa kisayansi, kwa hiyo tuende polepole.

Ngozi ya mnyoo wa kichocho si ya kawaida. Imefunikwa na tando mbili za mafuta zilizolaliana, na utando wa nje hufanywa upya mara kwa mara huku ule wa zamani ukimwagika. Juu ya ngozi hiyo zimepandwa proteini zenye sukari nyingi, na kadhaa kati yake zimeshikizwa kwa namna ya pekee iitwayo GPI, ufupisho wa glikosili-fosfatidili-inositoli.

Proteini nyingi za utando huwa zimeupenya utando wenyewe, zikatokeza upande wa pili. Ni vigumu kuzing'oa bila kuuchana. Zile za GPI hazipenyi. Mwisho wake umeunganishwa na mnyororo mfupi wa sukari, na mnyororo huo umeunganishwa na mkia wa mafuta. Mkia huo peke yake ndio uliozama kwenye utando. Proteini nzima, kubwa na nzito, imeshikiliwa na nyuzi mbili tatu za mafuta.

Proteini kama hiyo ikibanduka pamoja na mkia wake, inajikuta kwenye maji ya damu, na mkia wa mafuta hauvumilii maji. Unatafuta mahali penye mafuta pa kujichomeka. Kinachopita karibu, kwa wingi na bila kukoma, ni LDL na ndugu zake. Mkia unazama kwenye ganda la chembe, na proteini ya mnyoo inabaki imening'inia nje kama mtu aliyedandia lori la mizigo: hakulipiwa nauli, hakuandikwa kwenye hati, lakini anafika kila lori linapofika.

Hakuna kimeng'enya kinachohitajika hapo, wala kipokezi maalumu. Ni tabia ya mafuta tu kukimbilia mafuta. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloufanya ugunduzi huu uwe mzito, kwa sababu kitu kinachotokea kwa sheria rahisi namna hiyo ni vigumu kukizuia.

Hili limethibitishwa, au ni nadharia?

Limeonekana maabara na kwenye damu ya wagonjwa. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi na wenzao walichapisha katika jarida la PLoS Medicine matokeo ya kufuatilia proteini za GPI za Schistosoma mansoni. Walizikuta kwenye mzunguko wa damu zikiwa zimeambatana na lipoproteini za mwenyeji. Kisha wakaonyesha kuwa seli za mwenyeji huzimeza proteini hizo kupitia njia ileile ya vipokezi vya lipoproteini niliyoieleza juu, na zikishaingia, umbo la lisosomu linavurugika.

Wakaangalia pia damu ya watu wenye kichocho sugu. Humo walikuta kingamwili za mgonjwa zimeshikamana na proteini za mnyoo zikiwa bado juu ya lipoproteini za mgonjwa mwenyewe.

Kingamwili kuishika proteini ya mnyoo si jambo jema? Si ndiyo kazi yake?

Ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu jibu hili linasikitisha.

Kingamwili ikishika kitu kigeni, inakiwekea alama. Seli za kinga, zikiwemo nyutrofili na makrofaji, zina vipokezi vinavyoshika mkia wa kingamwili, viitwavyo vipokezi vya Fc. Zikikuta kitu chenye alama, zinakimeza. Katika vita dhidi ya bakteria mpango huu unaokoa maisha kila siku.

Lakini hapa alama imewekwa juu ya proteini iliyodandia chembe ya mafuta. Nyutrofili haiwezi kuchagua. Inameza mgeni pamoja na chombo chote. Kolesteroli na mafuta mengine ambayo nyutrofili haikuyahitaji yanaingia kwa wingi. Tena hayakuingia kwa mlango wa kipokezi cha LDL, ule unaofungwa seli ikishiba. Yameingia kwa mlango wa Fc, ambao haupimi kiasi cha kolesteroli kilichomo ndani. Breki haipo.

Matokeo yake watafiti hao waliyaona wazi. Nyutrofili za hamsta wa maabara (wanyama wadogo wa jamii ya panya) walioambukizwa kichocho zilikuwa zimejaa matone ya mafuta. Nyutrofili za binadamu zilizowekwa pamoja na majimaji ya damu ya wagonjwa nazo zilijaa mafuta, na ujazo huo uliambatana na seli kujiua mapema. Askari anayekuja kupigana na mnyoo anaishia kufa kwa kushiba chakula cha mwenyeji wake, na mnyoo anabaki mshipani akitaga.

Kuna athari nyingine ambayo watafiti hao waliitaja kama jambo linalowezekana. Proteini ya mnyoo ikisambazwa na lipoproteini, inamezwa na seli nyingi ambazo kwa kawaida hazihusiki na kuonyesha vitu vigeni kwa mfumo wa kinga. Taarifa zinatolewa mahali pasipo pake, na kinga inaweza kuelekezwa vibaya. Ukiniuliza kwa nini mtu anaweza kuwa na kingamwili tele za kichocho na bado akaishi na minyoo ileile mwaka baada ya mwaka, nitakuambia hii ni sehemu ya jibu. Si jibu zima.

Na kinyume chake: lipoproteini zetu hujishika kwenye mnyoo?

Naam. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti walionyesha kuwa LDL ya binadamu hujishika kwenye ngozi ya mnyoo mchanga, yule aliyetoka tu kupenya. Mwaka 1989 ikaonekana kwamba mnyoo mchanga aliyevikwa LDL hushikwa na kingamwili chache zaidi. Kwa hiyo LDL inamfaa mara mbili: ni chakula, na ni vazi la kujificha.

Weka mambo haya pamoja uone yanavyooana. Mafuta yetu yanamvika mnyoo, na ngozi ya mnyoo inayavika mafuta yetu. Mpaka kati ya mwenyeji na mgeni, ambao kinga yetu inautegemea ili ijue nani wa kupigwa, unafutika pande zote mbili.

Je, ni kichocho peke yake kinachofanya hivi?

Hapana. Utafiti uleule wa 2006 uliangalia pia kimelea cha malale, Trypanosoma brucei. Huyu si mnyoo, ni kiumbe cha seli moja kinachoenezwa na mbung'o. Amejifunika kwa koti nene la proteini moja iitwayo VSG, na VSG nayo imeshikizwa kwa GPI. Ilikutwa juu ya lipoproteini vilevile. Viumbe viwili wasio na undugu wa karibu wanafanya jambo moja, kwa sababu wote wana proteini zenye mkia wa mafuta na wote wanaishi kwenye damu.

Kwa malale, lipoproteini zina upande mwingine ambao siwezi kuuacha. Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran aliona kuwa majimaji ya damu ya binadamu huua trypanosoma fulani za wanyama. Baadaye sana ikajulikana kuwa silaha hiyo imebebwa na HDL: baadhi ya chembe za HDL zina proteini iitwayo APOL1, kimelea huimeza, nayo humtoboa kutoka ndani. Ndiyo maana trypanosoma wengi wanaoua ng'ombe hawatuwezi sisi. Aina ya Afrika Mashariki, rhodesiense, imepata proteini inayoikamata APOL1 na kuizima, na hivyo inatuambukiza. Kisha mwaka 2010 ikaonekana kwamba maumbo fulani ya jeni ya APOL1, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na yanayosaidia dhidi ya rhodesiense, yanaongeza hatari ya ugonjwa wa figo. Kinga dhidi ya malale inalipiwa na figo.

Vipi kuhusu minyoo mingine, kama tegu?

Yupo Echinococcus granulosus, tegu mdogo wa mbwa ambaye mabuu yake huota ndani ya ini au mapafu ya binadamu kama kifuko kikubwa cha maji. Ugonjwa huu unafahamika sana Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako watu wanaishi karibu sana na mbwa na mifugo. Ndani ya kifuko hicho mna proteini iitwayo antijeni B, na karibu nusu ya uzito wa chembe yake ni mafuta. Maana yake mnyoo huyu, ambaye naye hawezi kujitengenezea asidi za mafuta wala kolesteroli, ameunda lipoproteini yake mwenyewe. Proteini hiyohiyo hutumika kwenye vipimo vya damu vya kutambua ugonjwa.

Nimesikia kichocho kinashusha kolesteroli. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi. Panya waliofugwa wakiwa na kasoro ya kuziba mishipa, walipoambukizwa Schistosoma mansoni, kolesteroli yao ilishuka na utando wa mafuta kwenye mishipa ukapungua kwa takriban nusu. Utafiti huo ulitoka mwaka 2002.

Kwa binadamu, jaribio kubwa lilifanyika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa kwa kura: vingine vikapewa dawa za minyoo mara nyingi, vingine kwa ratiba ya kawaida, kwa miaka 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa wastani wa LDL ulikuwa juu kidogo katika vijiji vilivyotibiwa mara nyingi, na watu wenye mansoni walikuwa na LDL ya chini kuliko wasio naye.

Sababu si moja. Mnyoo anakula mafuta, ini lenye mayai linabadili utengenezaji wake, mwili wenye uvimbe wa muda mrefu huendesha mafuta kwa namna tofauti. Na njia tuliyoieleza hapa imo: LDL iliyopakwa kingamwili inaondolewa kwenye damu na seli za kinga. Kipimo kikishuka kwa sababu hiyo hakionyeshi afya. Mafuta hayajaunguzwa, yamehamishwa tu kwenda ndani ya seli zisizoyahitaji.

Basi si bora nibaki na minyoo kidogo nilinde moyo?

Hapana, na naomba hili lisichukuliwe kama mzaha, kwa sababu nimeona watu wakilisema kwa dhati mitandaoni.

Mayai ya mansoni yanayokwama kwenye ini hufanya makovu. Makovu huziba njia ya damu, wengu hukua, mishipa ya koo la chakula huvimba, na siku moja mtu anatapika damu. Wako wavuvi wanaokufa hivyo wakiwa bado na nguvu zao. Kichocho cha mkojo kinahusishwa na saratani ya kibofu kwa ushahidi wa kutosha hata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limemweka Schistosoma haematobium kwenye kundi la kwanza la visababishi. Wanawake hupata vidonda vya ukeni na kwenye mlango wa kizazi ambavyo mara nyingi huchukuliwa kuwa ni magonjwa ya zinaa, na mwanamke anabebeshwa aibu isiyo yake. Watoto hupungukiwa damu na kubaki nyuma darasani. Kama una hofu na kolesteroli, zipo njia za kuishusha zisizokudai ini lako.

Kipimo cha kolesteroli kinaweza kuonyesha kama nina kichocho?

Hakiwezi. LDL ya chini ina sababu nyingi. Kichocho cha tumbo hutafutwa kwa kuangalia mayai kwenye kinyesi kwa hadubini, mara nyingi kwa njia ya Kato-Katz. Cha mkojo kwa kuchuja mkojo, na sampuli nzuri hukusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi.

Kuna kipimo cha mkojo cha CCA. Je, kinapima proteini hizi zinazodandia?

Hapana, na ni vema kutofautisha. CCA ni antijeni (kitu cha mnyoo kinachotambuliwa na kinga) yenye sukari nyingi, inayotoka kwenye utumbo wa mnyoo anapotapika mabaki ya chakula chake. Inazunguka kwenye damu, inachujwa na figo na kutoka kwenye mkojo, ndiyo maana inaweza kupimwa kwa kijiti. Proteini za GPI zinatoka kwenye ngozi, na zikishapanda lipoproteini haziendi kwenye mkojo kirahisi; chembe ni kubwa mno kwa kichujio cha figo isiyo na ugonjwa.

Nikiacha kula vyakula vya mafuta, mnyoo atakufa njaa?

Hapana. Ini lako hutengeneza kolesteroli na VLDL hata usipogusa mafuta. Utajidhoofisha wewe kabla yake. Wapo pia wanaouza mchanganyiko wa mitishamba "wa kusafisha mafuta na minyoo"; hakuna mchanganyiko wa aina hiyo uliothibitishwa kuondoa kichocho.

Praziquantel inafanya nini kwa hizi proteini?

Praziquantel ndiyo dawa ya kichocho, na kipimo chake cha kawaida kwenye ugawaji wa umma ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ikimezwa baada ya kula. Huufanya mwili wa mnyoo ukakamae ghafla na ngozi yake ichanike. Ngozi ikichanika, proteini zilizokuwa zimefichika zinafichuliwa, ikiwemo Sm200, proteini kubwa iliyoshikizwa kwa GPI. Kwa panya imeonekana kuwa dawa hufanya kazi vizuri zaidi kingamwili zikiwepo. Dawa inamvua nguo, kingamwili zinammalizia.

Ona tofauti. Proteini hizohizo, zikiwa zimesambazwa juu ya LDL mwilini kote, zinapotosha kinga. Zikifichuliwa juu ya mwili wa mnyoo mwenyewe aliyejeruhiwa, zinakuwa shabaha. Kingamwili zilizokuwa zikikimbizana na mafuta sasa zinampata mwenyewe.

Jambo la kukumbuka: dawa hii haiui vizuri minyoo michanga ya wiki chache za kwanza. Mtu aliyetibiwa leo akiwa na minyoo michanga anaweza kukutwa na mayai baadaye bila kuingia tena majini. Si kwamba dawa ni feki. Anahitaji kurudia.

Watoto chini ya umri wa shule wanatibiwaje?

Kwa miaka mingi walikuwa wakiachwa nje, kwa sababu kidonge cha miligramu 600 ni kikubwa na kichungu na hakikutengenezwa kwa ajili yao, ilhali mama anafua ziwani na mtoto anacheza kando yake kwenye maji yaleyale. Sasa ipo arpraziquantel, kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Shirika la Dawa la Ulaya liliitolea maoni mazuri Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likaipitisha kwenye orodha yake mwaka 2024. Iulizie kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Je, utegemezi wa mnyoo kwa mafuta yetu unaweza kutumiwa dhidi yake?

Ndiyo, na kazi hiyo inaendelea. Chanjo moja iliyofika mbali imejengwa juu ya jambo hili hasa. Inaitwa Sm14, na ni proteini ambayo mnyoo huitumia kushika na kusafirisha asidi za mafuta alizozitoa kwetu. Imeendelezwa na taasisi ya Fiocruz ya Brazil chini ya mtafiti Miriam Tendler, na baada ya majaribio ya usalama kwa watu wazima wa Brazil ilipelekwa bonde la Mto Senegal, ambako kichocho cha tumbo na cha mkojo vyote vipo, ikajaribiwa kwa watu wazima na kisha kwa watoto wa shule. Wazo lake ni kumkatia mnyoo huduma ya mafuta. Nyingine, Sm-TSP-2, imelenga proteini ya ngozi yake, na imejaribiwa Marekani, Brazil na Uganda.

Chanjo yoyote inayolenga ngozi ya mnyoo inapaswa kupimwa pia kwa swali hili la lipoproteini. Shabaha ikiwa ni proteini inayobanduka na kudandia LDL, kuongeza kingamwili dhidi yake kunaweza kuongeza mafuta yanayosukumwa ndani ya nyutrofili. Shabaha ikiwa ni proteini iliyopenya utando na isiyobanduka kirahisi, hatari hiyo inapungua. TSP-2 ni ya kundi hili la pili: imeupenya utando mara nne.